Paka Mwenye Kwao

Paka wa nyumba haingwa, walisema wazee wetu wa pwani. Na kuinga, kwa kijana ambaye neno hili limempita, ni kufukuza kwa kelele na mawe kama wafukuzwavyo ndege katika mpunga. Mithali hii nimeisikia tangu utotoni ikitumiwa kwa maana yake ya ndani, ya kuwatetea watu wa nyumbani wasibughudhiwe. Lakini sasa, baada ya kustaafu ualimu na kujaaliwa wasaa wa kutazama mambo madogo, nimeanza kuitazama kwa maana yake ya nje, maana ya paka mwenyewe, na nimeona kwamba wazee walitoa hukumu wakatuachia sisi kazi ya kuitimiza. Kwani muuza samaki aliyekwisha kunyanyua fimbo, au kijana wa bodaboda aliyemkuta mnyama amelala kando ya njia damu zikimtoka puani, atajuaje kwamba aliye mbele yake ni paka wa nyumba, na nyumba yenyewe ni ipi?

Nina paka mmoja dume, mweusi mwenye kifua cheupe, ambaye wajukuu zangu walimpa jina la Karani kwa sababu tangu udogo wake hapendi kulala pengine ila juu ya karatasi zilizoandikwa. Nyumba yetu imo katika Mji Mkongwe wa Unguja, miongoni mwa zile ambazo mapaa yake yamekaribiana hata paka huvuka kutoka moja hadi nyingine bila ya kukanyaga ardhi, na vichochoro vyake ni vyembamba kiasi cha watu wawili wenye vikapu kupishana kwa kuombana radhi. Kumwambia paka wa mji kama huu akae ndani ni kama kuuambia moshi usipite dirishani. Karani hutoka baada ya sala ya alfajiri na hurejea anapotaka, na kwa miaka miwili sikujua alikokwenda wala sikuulizwa na mtu, nikajihesabu kuwa mfugaji mwema kwa kuwa dagaa wake hawakukosekana asubuhi na jioni.

Mwaka jana nilimvika kigwe shingoni. Watu wengi hukiita kola, na watoto wa mtaani kwetu hukiita cheni ingawa hakina hata pete moja ya chuma. Mimi napenda neno kigwe, kwa kuwa ni la kwetu na lina wembamba unaofaa. Juu yake nilitia kibati chenye namba yangu ya simu. Siku ya tatu simu ililia, nikaichukua kwa furaha isiyo na sababu, maana mtu aliyeandika namba yake shingoni mwa mnyama hujiona kwa siri kama mfadhili anayesubiri kushukuriwa. Aliyepiga alikuwa muuza samaki wa upande wa Darajani.

"Wewe ndiye mwenye paka mweusi, kifua cheupe?"

"Ndiye mimi, bwana. Amepatwa na nini?"

"Yeye hana neno, Mzee. Aliyepatwa ni mimi. Amenilia kolekole."

Nilikwenda. Tulijadiliana kwa muda mrefu juu ya ukubwa wa samaki ambaye kwa wakati ule hakuwapo tena wa kupimwa, yeye akiupanua mkono wake hadi kiwiko na mimi nikiupunguza hadi kiganja, mpaka tukakubaliana nilipe nusu ya bei aliyoitaja, na juu yake ninunue vibua vya shilingi elfu tano ili pasiwe na kinyongo. Nilirudi nyumbani nimeghadhibika, nikacheka njiani, na nilipofika mlangoni nilikuwa nafikiri. Kwa miaka miwili Karani alikuwa akila samaki wa watu, na hasara ile ilibebwa na wachuuzi, ambao pengine walimrushia jiwe wakamkosa, au wakampata paka mwingine asiye na kosa. Hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Nilipoandika namba, akapatikana, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Simu ya pili ilitoka kwa bibi mmoja wa kichochoro cha tatu kutoka kwetu, ambaye baada ya salamu ndefu na kuulizana ukoo alisema kwa mshangao wa kweli, "Kumbe huyu ana kwao! Sisi tunamwita Sultani." Sultani huyo, ambaye kwangu ni Karani, alikuwa na mto wake katika ukumbi wa bibi, na bakuli lake, na kila baada ya miezi mitatu alipewa dawa ya minyoo iliyochanganywa na pweza wa kuchemsha. Nami pia nilikuwa nikimpa dawa hiyo hiyo, katika miezi ile ile kwa jinsi tulivyohesabu, na sote wawili tulikuwa tumewahi kumwona akitapika tukasingizia panya. Tangu siku hiyo tumegawana: dawa ni juu yangu, pweza ni juu yake.

Nataja mambo haya mawili kabla ya lile la tatu, ambalo ndilo watu hulitarajia, la paka aliyefungiwa ghalani katika mtaa wa Malindi hapa Unguja siku mbili na akarejeshwa na mlinzi aliyesoma kibati, kwa sababu rai yangu imesimama juu ya hayo mawili kuliko juu ya la tatu. Kigwe husifiwa kuwa ni cha kumrudisha paka aliyepotea, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini kazi yake iliyo kubwa, ambayo husemwa kidogo kwa kuwa haipendezi, ni kumfunga mfugaji. Mnyama hubaki huru kama alivyokuwa, ila mwenyewe ndiye anayekuwa ametia sahihi yake hadharani kwamba huyu ni wangu, akiharibu nitalipa, akiumia nitakuja, akizaa nitaulizwa. Na nadhani hapa ndipo ulipo uzito wa watu wengi kuvika paka wao vigwe, ingawa husingizia mambo mengine.

Wapo wanaosingizia dini, wakasema paka ni kiumbe wa Mungu asiyemilikiwa na mtu na kumvika kitu shingoni ni kumdhalilisha. Kwa hishima zote nawaomba waitazame upya sira. Sahaba mkubwa katika wapokezi wa hadithi alijulikana kwa kuniya ya Abu Huraira, baba wa kipaka, kwa ajili ya kipaka alichokuwa akikichukua naye. Tunajua pia habari ya Abu Qatada, aliyewekewa maji ya udhu, paka akaja kutaka kunywa, naye akamwinamishia chombo mpaka akatosheka, kisha akamweleza mkwewe aliyekuwa akimtazama kwa mshangao kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wale wanaowazungukia watu majumbani mwao. Neno lililotumika pale lina asili moja na tawafu, kuzunguka kwa mahujaji katika Al-Kaaba, na kila nilifikiripo naona kwamba tabia ya paka haijapata kuelezwa kwa uzuri zaidi: ni mzungukaji, anayeingia na kutoka, anayejua milango yote na hafungwi na mmoja. Na katika habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, kosa lake lilikuwa la namna mbili kwa pamoja, kumfungia asimlishe, na kutomwachia akajitafutie riziki katika wadudu wa ardhi. Basi anayetaka kumfuga paka kwa insafu ana njia mbili tu, amfungie na amtimizie kila kitu, au amwachie atoke; na sisi tuishio katika nyumba zenye madirisha ya nondo yasiyo na vioo tumekwisha kuchagua ya pili, tukipenda tusipende. Kilichobaki ni kumwachia atoke pamoja na jina la kwao.

Tena mzunguko wake si mkubwa kama tunavyodhani. Wataalamu waliowafunga paka wa majumbani 925 vyombo vya kufuatilia nyendo zao katika nchi 6, na kutoa hesabu yao mwaka 2020, walikuta kwamba eneo la paka mmoja kwa wastani ni hekta 3.6 tu, na wengi wao hutumia muda wao mwingi ndani ya mita 100 kutoka nyumbani. Katika mji wetu mita 100 ni nyumba nyingi, ni kweli, na kila nyumba ina mlango na jungu lake. Lakini maana yake ni kwamba paka aliyepotea aghalabu hayuko mbali, yuko nyuma ya ukuta wa mtu ambaye hajui amwulize nani.

Sasa na niseme upande wa pili, kwa kuwa kigwe kibaya ni kibaya kuliko kutokuwa na kigwe, na nimeliona hilo kwa macho yangu. Miaka kadhaa kabla ya Karani aliingia uani kwetu paka jike wa kijivu, mwembamba, ambaye harufu yake ilimtangulia. Tulidhani ana jeraha la kung'atwa. Marehemu mke wangu alimrushia kanga, akamkunja ndani yake kama mtoto mchanga, kichwa tu kikiwa nje, ndipo tukaona kwamba shingo yake ilikuwa na mfuo unaoizunguka, mwekundu na wenye majimaji, na ndani ya mfuo ule hapakuonekana kitu. Tulimwagia maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kidogo kwa kitambaa, mpaka kisogoni pakatokea kitu kama chembe ya ufuta. Lilikuwa fundo. Mtoto mmoja, siku moja ambayo bila shaka alikwisha kuisahau, alimfunga kipaka uzi wa mshipi ili amvute mchezoni. Kipaka akakimbia na uzi wake, akakua, na uzi wa mshipi haukui. Nyama iliufuata uzi ikaufunika. Niliingiza ncha ya mkasi wa kucha chini ya fundo lile nikiwa natetemeka kuliko mnyama, nikakata, kisha tukauvuta polepole kama mtu avutavyo uzi wa mshono, na yule jike hakukwaruza wala hakulia, aliyafumba macho tu. Alikaa kwetu siku tatu akaondoka. Mwezi baadaye nilimwona juu ya paa la jirani, mzima, na pete ya upara shingoni mwake ambayo haikuota manyoya tena.

Kwa hiyo ninaposema kigwe simaanishi kila kinachofunga. Uzi wa mshipi, kamba ya nailoni, waya, utepe wa zawadi, mkufu: vyote hivi ni haramu kwa shingo ya paka, nami nalitumia neno hilo kwa maana ya mtaani, si ya fatwa. Paka hupita mahali ambapo mbwa hapiti, katikati ya nondo, chini ya mabati, juu ya misumari ya milango na matawi ya mkungu. Na kitu kinachoshika bila ya kuachia kinaweza kumning'iniza akafa kimya usiku. Vile vya mpira unaovutika, ambavyo zamani vilidhaniwa kuwa ndivyo vya salama, vina hila yao: paka anapojaribu kukivua kwa mguu wa mbele huupitisha mguu ndani, kigwe kikakaa kwapani, na mpira ukaendelea kubana hata ukakata ngozi. Kinachotakiwa ni chenye bizimu inayoachia yenyewe inapovutwa kwa nguvu. Na kipimo chake cha kukaza ni vidole viwili: vipite chini yake kwa urahisi, visizidi, maana kilicholegea sana hufika mdomoni au kwapani, na kwa paka anayekua kipimo hicho hufanywa kila wiki.

Mwaka 2010 madaktari wa mifugo wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo paka 538 walivikwa vigwe vya namna tatu, vya bizimu ya kawaida, vya bizimu inayoachia, na vya mpira. Takriban 73 katika kila 100 waliimaliza miezi 6 wakiwa wanavivaa, jambo ambalo linamjibu kila anayesema kwamba paka hakubali; na waliopatwa na mkasa wa kigwe kunasa mahali, au mdomoni, au mguuni, walikuwa 18. Kumi na wanane katika 538 ni wachache, na mwenye hesabu atasema hatari ni ndogo. Mimi niliyemshika yule jike wa kijivu husema ni ndogo kwa sharti la bizimu.

Lakini bizimu hizo haziuzwi katika kila duka letu, na zinapopatikana bei yake humfanya mtu mwenye paka watatu akune kichwa. Mimi nilifanya hivi. Nilichukua utepe wa pamba wa upana wa kidole, ule ambao mafundi cherehani hutia kiunoni mwa nguo, nikaukata kwa kipimo cha shingo, na ncha zake mbili nikaziunganisha kwa nyuzi chache za pamba za kushonea, zile nyembamba zinazokatika kwa mkono. Kisha nikakitundika msumarini, na ndani yake nikaning'iniza mfuko wenye kilo mbili za sukari, ambazo ni nusu ya uzito wa Karani. Cha kwanza hakikukatika, nilikuwa nimeshona kama ninashona kanzu. Nikapunguza nyuzi, nikajaribu tena na tena, mpaka ikawa sukari haimalizi hesabu ya tano ila imekwisha kuanguka. Mjukuu wangu alishika beseni chini, na siku ile tulikunywa chai yenye vumbi la sakafu. Vigwe vya namna hiyo hunigharimu chini ya shilingi elfu moja kimoja, na Karani hupoteza kimoja kila baada ya miezi miwili au mitatu, hasara ambayo naihesabu kuwa ndiyo faida yenyewe.

Kibati nacho kina ilimu yake. Cha kwanza kilikuwa karatasi tu ndani ya kikopo kidogo cha plastiki, na masika ilipoingia ikawa uji. Nikajaribu bati, na hewa ya chumvi ya bahari ikalila katika miezi minne. Mwishowe nilimwendea fundi wa funguo na mihuri, akanichongea kipande cha shaba ya njano chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, namba ya simu upande mmoja na maneno mawili upande wa pili: NINA KWETU. Jina la paka sikuliandika. Aliyemkuta ghalani halihitaji, na mwenye nia mbaya atalitumia kumwita. Bibi wa kichochoro cha tatu, ambaye anaishi peke yake na ana paka wake wawili mbali na huyu tunayeshirikiana, aliogopa namba yake isomwe na kila mpita njia, na hofu yake ilikuwa na msingi, kwa hiyo vibati vyake vina namba ya duka la mtaani, na mwenye duka amekubali kupokea habari za paka pamoja na oda za unga.

Kuhusu kengele, ile ambayo panya wa hadithi walikutana juu yake wasimpate wa kuifunga, watu huniuliza sana. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2005 ulionyesha kwamba paka waliovishwa kengele walileta nyumbani wanyama wadogo pungufu kwa 34 katika kila 100, na ndege pungufu kwa 41, kwa hiyo anayekaa mashamba, karibu na vichaka vyenye chozi na kurumbiza, afanye hisani akaitie. Hapa mjini ndege wetu ni kunguru, walioletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, nao hawahitaji kuonywa juu ya paka. Ni paka ndiye ningependa kumwonya juu ya kunguru. Na panya wa Darajani nawaomba radhi, lakini sina nia ya kuwapelekea salamu kabla Karani hajafika.

Watu wa nchi zilizoendelea wamekwenda mbele ya kigwe. Tangu tarehe 10 Juni 2024 sheria ya Uingereza katika sehemu ya England humlazimisha kila mwenye paka wa kufugwa kumtia chipu kabla hajatimiza wiki 20, na anayekaidi baada ya kuonywa huweza kutozwa faini hadi pauni 500. Chipu hiyo ni kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, haina betri, hudungwa chini ya ngozi katikati ya mabega, na hutoa namba yake inapopitishiwa chombo cha kuisomea. Faida yake haina ubishi: katika makao ya wanyama 53 ya Marekani, yaliyochunguzwa na matokeo yake kutolewa mwaka 2009, paka wasio na mtu walioletwa na kurejeshwa kwa wenyewe hawakufika 2 katika kila 100, ilhali miongoni mwa waliokuwa na chipu walirejeshwa 38. Mwenye uwezo wa kumtia paka wake chipu amtie, kwa kuwa haikatiki wala haipotei. Ila mlinzi wa ghala la Malindi hatembei na chombo cha kuisomea mfukoni, wala muuza samaki, wala mtoto anayetoka chuoni na juzuu yake kwapani. Hao wana macho, na wengi wao wana simu.

Lipo jambo moja zito kuliko kolekole na pweza. Paka akimng'ata mtoto, miongoni mwa maswali ya mwanzo ya daktari ni je, mnyama huyo amechanjwa kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao pamoja na jina lake paka pia huupata na kuuambukiza, na je, anaweza kuwekwa chini ya uangalizi kwa siku 10 ili ionekane kama atabaki mzima. Paka mwenye namba shingoni hutoa jibu la maswali yote mawili kwa simu moja. Mzazi hujua la kufanya, na paka hauawi na kundi la watu wenye hofu. Paka asiye na namba humwacha daktari akisie, na katika maradhi haya, ambayo dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, si uungwana kumwachia mtu kukisia.

Nimeambiwa kwamba nikiendelea hivi nitataka kila paka wa mjini avikwe. Hasha. Paka wengi wa vichochoro vyetu hawana nyumba moja, ni paka wa mtaa, wanaolishwa na watu kumi wasitunzwe na yeyote, na kumvika kigwe paka ambaye hakuna wa kukikagua ni kumrudisha kwenye mfuo wa yule jike wa kijivu. Hao wana alama yao inayowafaa zaidi: wanapokamatwa na kuhasiwa na madaktari wa hisani kisha kurudishwa walipotoka, hukatwa ncha ya sikio, aghalabu la kushoto, wakiwa katika usingizi wa dawa, ili wasisumbuliwe mara ya pili. Mtu akimwona paka mwenye sikio lililokatwa sawasawa kama kwa rula asidhani ni ugomvi wa usiku. Hiyo pia ni anwani, ya mtaa mzima.

Ninaosema nao mimi ni wenye bakuli ndani ya ukumbi na jina wanaloliita jioni. Mali bila daftari huisha bila habari, na nimeona wengi wanaomlilia paka wao aliyepotea kwa machozi ya kweli, wakibandika karatasi katika nguzo za umeme, ambao walipokuwa naye hawakuona haja ya kumtia hata alama. Nimeona pia, na hili nalisema bila ya kumtazama mtu usoni, wanaowabeba wana wa paka wao katika gunia kabla ya jua kuchomoza na kuwamwaga karibu na soko, kisha wakarudi nyumbani kumbembeleza mama yao. Paka yule jike ni wao anapokuwa amejikunja mapajani, na si wao anapozaa. Laiti angekuwa na kigwe chenye namba, mtu angewapigia kuuliza watoto wamekwenda wapi. Sitaki serikali itunge sheria juu ya hili, maana serikali ina mengi na paka hawapigi kura. Nataka tuoneane haya sisi kwa sisi, kama tunavyooneana haya juu ya taka mlangoni.

Nikiwa naandika ukurasa huu simu imelia, na aliyepiga ni yule yule muuza samaki wa Darajani, ambaye tangu tulipojuana hunipigia pia kunijulisha changu wakiwa wengi.

"Mzee, nimekiona kigwe cha paka wako. Kimenasa kwenye nondo ya dirisha la ghala, kimekatika. Paka mwenyewe simwoni."

Nilimtazama Karani, aliyekuwa amelala juu ya kurasa tatu za mwanzo za makala hii, shingo tupu, na alama ya kutu ya nondo katika manyoya meupe ya kifua.

"Niwekee, mwanangu," nilimwambia. "Nitakichukua nikija kununua samaki."